Moduli "imepakiwa", IP za watu bado ziko uchi! Hizi seva za IRC zinatuchezea

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Nimesimamisha seva ya IRC (mfumo wa kuchati kwa maandishi) ya kikundi chetu. Jina la programu nalihifadhi, wanaoijua wataitambua tu. Nikapakia moduli (kipande cha kuiongezea seva kazi) ya kuficha anwani za IP za watu, nikaweka ufunguo mrefu wa siri kama wanavyotaka, nikawasha. Logi safi: moduli imepakiwa, hakuna kosa. Mtu wa kwanza kuingia anapiga /whois, amri ya kuuliza taarifa za mtu, kwa mwenzake, IP hiyo hapo, nzima nzima! Kumbe kupakiwa siyo kufanya kazi. Lazima uongeze modi +x (alama ya kumwashia mtu ufichaji) kwenye sehemu ya connect, ya mipangilio ya wanaoingia, ambayo iko faili jingine kabisa, ndipo wanaoingia wafichwe.

Kinachonichoma roho ni hiki: programu hiyohiyo ukiiwasha na faili la mfano bila kulihariri, inagoma. Wameweka mstari wa makusudi wa kuiua seva ili wahakikishe umelisoma faili. Kwa hiyo kugoma wanajua! Mbona haigomi pale moduli ya faragha ipo na hakuna hata mtu mmoja aliyefichwa? Hata onyo la mstari mmoja kwenye logi limewashinda?

TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, nayo hivyohivyo. Poti 6697 inawaka vizuri, cheti cha siku 90 kinajihuisha chenyewe, ila faili jipya la ufunguo linasomeka na root (mtumiaji mkuu wa mashine) tu, na seva haitaki kuendeshwa na root. Basi inabaki na cheti cha zamani, kimya, mpaka kiishe muda watu waanze kupiga kelele.

Moduli ya orodha nyeusi, ya kuwazuia wenye IP zilizoorodheshwa kuwa za wahalifu, ndiyo kiboko. Inaigeuza IP, yaani 203.0.113.7 inaulizwa kwenye DNS (mfumo wa majina ya intaneti) kama 7.113.0.203 mbele ya jina la orodha. Likirudi jibu kama 127.0.0.2, mtu huyo yumo. Sawa. Sasa ukiuliza kupitia DNS ya umma, kuna orodha zinazokujibu 127.255.255.254, maana yake "wanaopitia huko hatuwahudumii". Moduli ikaona 127 mwanzoni ikatosheka. Kila anayeingia mhalifu! Chumba kizima kikatimuliwa, mimi mwenye seva nikiwemo.

Kuomba msaada nako ni kesi. Wengi ni "soma mwongozo". Mmoja akanitumia moduli aliyokwisha kuikompaili mwenyewe, eti niidondoshe tu kwenye folda. Ndugu yangu, 2010 faili la UnrealIRCd 3.2.8.1, programu ya seva ya IRC, lilikutwa na mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia), na lilikuwa limekaa kwenye baadhi ya mirror (seva za nakala za kupakua) tangu Novemba 2009. Hiyo ni mirror ya mradi wenyewe, sembuse folda yako?

Mwenye konfigi ya orodha nyeusi inayotaja majibu ya kukubaliwa namba kwa namba, aibandike hapa. Wa "soma mwongozo" piteni tu.