Je, Metallica walistahili kufunga usiku wa Jumamosi Glastonbury?

Kinubi (mleta mada)

Habari za wakati huu, wadau.

Juzi nilirudia kutazama rekodi ya Metallica wakiwa Glastonbury, usiku wa Jumamosi tarehe 28 Juni 2014, nikajikuta nimerudi katika mjadala ambao mwaka ule uliwagawa wapenzi wa muziki hata kabla bendi haijapanda jukwaani. Kwa faida ya waliokuwa wadogo wakati huo, ile ilikuwa mara ya kwanza kwa bendi ya metali, yaani roki ya gitaa zito na dramu za nguvu, kupewa nafasi ya kufunga usiku kwenye Pyramid, jukwaa kuu la tamasha hilo linalofanyika katika shamba la Worthy, kijijini Pilton, Somerset, Uingereza. Ijumaa walifunga Arcade Fire, Jumapili wakafunga Kasabian, na hao hawakuzua maneno. Maneno yote yalikuwa ya Jumamosi.

Waliopinga walikuwa na hoja za namna mbili, na ningependa tusizichanganye. Ya kwanza ni ya muziki wenyewe: kwamba metali ni nzito mno kwa hadhira ya watu wa kila rika wanaokuja na mahema na watoto, na kwamba bendi hiyo ina uwanja wake wa asili kule Donington. Ya pili ni ya maadili: James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alikuwa amesimulia kipindi cha televisheni kuhusu uwindaji wa dubu huko Alaska, na watu wengi wakatia saini ombi la kutaka bendi iondolewe kwenye orodha.

Mimi ni mpenzi wao wa siku nyingi, kwa hiyo siamini kwamba naweza kuwa hakimu mwadilifu peke yangu. Naomba wenye uelewa mnieleze: bendi kubwa ya roki inafaa au haifai kufunga tamasha kubwa la mchanganyiko kwa vigezo gani, na je, Metallica walivifikia? Naomba kuwasilisha.

Gambusi

Ndugu Kinubi, asante kwa mada. Nitakujibu kama mtu anayeipenda Glastonbury kuliko anavyoipenda metali, na nitasema wazi kwamba mwaka ule nilikuwa upande wa waliopinga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Metallica kwao ni Donington. Uwanja ule wa mbio za magari ulianza kuandaa tamasha la Monsters of Rock mwaka 1980, wao wakapanda pale kwa mara ya kwanza mwaka 1985, wakarudi mara kadhaa, na tangu mwaka 2003 mahali hapohapo pamekuwa nyumba ya tamasha la Download, ambako mwaka 2012 walipiga albamu yao nyeusi ya 1991 yote, kuanzia wimbo wa mwisho kurudi hadi wa kwanza, mbele ya watu wanaoijua kwa moyo. Bendi inapokuwa na nyumba ya namna hiyo, nikauliza wakati ule na bado nauliza, kuna haja gani ya kuipa usiku mmoja kati ya mitatu tu inayopatikana Glastonbury, ilhali kuna wasanii wasio na nyumba nyingine yenye ukubwa huo?

Kuhusu suala la dubu, silichukulii kama jambo la pembeni. Hili si tamasha linalouza tiketi tu. Kwa miaka mingi limekuwa likishirikiana na mashirika ya mazingira na misaada ya Greenpeace, Oxfam na WaterAid, na mtu anayekwenda pale anajua kwamba sehemu ya fedha yake inaelekea huko. Tamasha likijitambulisha kwa msimamo wa kulinda viumbe, basi anayefunga usiku anakuwa sehemu ya sauti ya tamasha, apende asipende. Sisemi mtu azuiwe kupiga muziki kwa sababu anawinda kwa kibali cha sheria za nchi yake. Nasema mwandalizi anayemweka kileleni anapaswa kuwa na jibu la kuwapa watu wake.

Sauti ya Nne

Mkuu Gambusi, methali uliyoitumia ni nzuri, lakini nadhani ndiyo inayokuangusha. Kumtunza mcheza kwao ni kazi ya Donington. Kazi ya usiku wa Jumamosi Glastonbury ni tofauti kabisa, na ni lazima tuitazame namna tiketi zinavyouzwa ili tuielewe. Kwa kawaida tiketi za tamasha lile huwekwa sokoni miezi mingi kabla ya orodha ya wasanii kutangazwa, tena hununuliwa zikaisha. Maana yake ni kwamba mtu aliyesimama mbele ya Pyramid usiku huo hakulipia kumwona msanii yule, alilipia Glastonbury. Ana majukwaa mengine mengi ya kukimbilia kama hakuridhika, na miguu anayo. Kwa hiyo kigezo cha kwanza, na kwangu mimi ndicho kinachobeba vingine vyote, si aina ya muziki wala idadi ya albamu zilizouzwa, bali uwezo wa bendi kumshika mtu ambaye hakuja kwa ajili yake. Msanii wa kufunga Glastonbury ni yule anayetunzwa ugenini.

Tazameni historia. Mwaka 2008 rapa Jay-Z alipopangiwa Jumamosi, Noel Gallagher wa bendi ya roki ya Oasis alisema hadharani kwamba hip-hop haikuwa na nafasi pale. Jay-Z alipanda akiwa na gitaa, akafungua kwa wimbo wa Oasis wenyewe, "Wonderwall", uwanja wote ukaimba, kisha akageukia nyimbo zake. Alitumia dakika chache kuwasalimia watu katika lugha yao kabla ya kuwaomba wasikilize yake. Huo ndio uhodari ninaouzungumzia, na Metallica waliuonyesha kwa namna yao: kabla hawajapiga noti hata moja walionyesha filamu fupi ya msafara wa kuwinda mbweha, wale wawindaji wakipigwa risasi na dubu, na dubu wale walipovua vichwa tukaona ni wanabendi wenyewe. Gambusi anaweza kusema huo si msamaha, na kweli si msamaha. Lakini ni bendi inayokiri mbele ya uwanja mzima kwamba inajua imesemwa nini juu yake, na haijifichi.

Halafu kuna jambo ambalo nashangaa halitajwi mara nyingi. Michael Eavis, mfugaji aliyeanzisha tamasha hili, alipata wazo baada ya kuwaona Led Zeppelin, bendi ya roki nzito, katika tamasha la Bath la mwaka 1970, lililofanyika Shepton Mallet, karibu kabisa na shamba lake. Miezi michache baadaye, tarehe 19 Septemba 1970, akafungua mageti yake kwa watu wapatao 1,500 waliolipa pauni moja kila mmoja na kupewa maziwa ya bure. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Black Sabbath wa Birmingham walikuwa wametoa albamu yao ya kwanza, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa metali. Kwa hiyo tamasha hili na muziki huu ni wa rika moja na wa nchi moja, na gitaa zito lipo katika mbegu yenyewe ya shamba lile. Miaka 44 ilipita kabla ya kukutana kwenye jukwaa kuu. Ukiniuliza mimi, swali la haki lingekuwa kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo.

Fundi Mitambo

Naomba niongeze upande ambao wasikilizaji wengi hawauoni, maana nimefanya kazi ya kuchanganya sauti kwenye viwanja vya wazi.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika uwanja mrefu, spika za jukwaani hazitoshi, hivyo husimamishwa minara ya spika katikati na nyuma, na sauti ya minara hiyo hucheleweshwa kwa makusudi ili ifike pamoja na ile inayotoka jukwaani. Upepo ukibadilika, au ukisimama mahali unaposikia minara miwili kwa pamoja, mpangilio huo huyumba. Sasa chukueni wimbo wa metali wenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika, ambapo mpiga dramu anapiga dramu kubwa mara nne katika kila pigo. Kati ya mpigo na mpigo kuna sehemu 75 za elfu za sekunde tu. Katika muda huo sauti inakwenda kama mita 25. Maana yake, tofauti ya mita 25 kati ya spika moja na nyingine inatosha kuufanya mpigo wa kwanza uangukie juu ya wa pili, na mtu aliye nyuma akasikia mngurumo badala ya muziki.

Hapo ndipo nasema bendi inayofaa ni ile yenye nyimbo zinazopumua. Albamu ya 1991 aliyoitaja Gambusi ina mwendo wa polepole kuliko kazi zao za miaka ya themanini, na nafasi kati ya noti na noti ni kubwa. "Enter Sandman" unafika nyuma ya uwanja ukiwa mzima. "Nothing Else Matters" unafika mzima zaidi, na pale huwezi kusema kwamba ni nzito mno kwa mtu yeyote. Kuna bendi za metali ninazoziheshimu sana ambazo nisingezishauri kukubali jukwaa kama lile, si kwa sababu watu watachukia, bali kwa sababu watu hawatasikia. Pia kumbukeni kwamba tamasha lile hufanyika kwa leseni ya serikali ya mtaa yenye mipaka ya sauti inayozifikia nyumba za jirani, kwa hiyo bendi ambayo nguvu yake yote ni sauti ya juu inapanda pale ikiwa imeshapunguzwa silaha.

Kinubi (mleta mada)

Fundi, umenifungua macho, kwa sababu nilikuwa nikidhani uchaguzi wa nyimbo usiku ule ulikuwa wa kuwabembeleza wageni tu. Kumbe hata uwanja wenyewe ulizitaka nyimbo hizo.

Sauti ya Nne, nakubaliana na kigezo chako cha mtu ambaye hakuja kwa ajili ya bendi, ila nina shaka moja. Je, hakimfungii mlango msanii mwenye ubishi? Bendi inayotafuta kumpendeza kila aliye uwanjani inaweza kufika mahali ikapoteza kile kilichofanya ialikwe. Katika rekodi ninaona Metallica hawakulainisha kitu. Waliweka mashabiki wao nyuma yao jukwaani, wakafungua kwa "Creeping Death", wimbo wa mwaka 1984 usiombembeleza mtu, na wakamaliza kwa "Seek & Destroy" kutoka albamu yao ya kwanza ya 1983, huku mipira mikubwa myeusi ikirushwa juu ya vichwa vya watu. Mwanzo na mwisho walivishika wenyewe, na katikati wakawapa wageni mahali pa kukaa.

Sauti ya Nne

Umelisema vizuri kuliko mimi. Kumshika mgeni si kujigeuza kuwa yeye. Jumapili ya mwaka huohuo Dolly Parton alipanda Pyramid mchana na muziki wa kantri kutoka Tennessee, umati mkubwa ukamfuata, na hakuna alichokibadilisha katika uimbaji wake wala mavazi yake. Sikumbuki watu wakigombana kwa majuma mengi kuhusu kama kantri inafaa. Hilo linanifanya niamini kwamba sehemu ya upinzani dhidi ya metali haikuwa ya masikio, ilikuwa ya picha ambayo watu wanayo kuhusu mashabiki wa metali: nguo nyeusi, vurugu, ulevi. Aliyewahi kusimama katikati ya mashabiki hao anajua wanavyomwinua mtu akianguka.

Gambusi

Nimesoma yote kwa makini na nitakuwa mkweli. Kuhusu muziki, naondoa pingamizi langu. Hoja ya Fundi imenishawishi zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba swali halikuwa la metali au si metali, bali la bendi gani na nyimbo zipi. Na mwaka 2023 bendi ya roki ya Guns N' Roses walipofunga usiku uleule wa Jumamosi, huku Dave Grohl wa Foo Fighters akijiunga nao kwenye "Paradise City", sikuona tena mjadala wa kama gitaa zito lina haki ya kuwepo. Metallica ndio waliobeba mzigo huo mwaka 2014, na wengine wakapita njia iliyokwisha kufyekwa.

Kuhusu uwindaji, siondoi. Filamu ile ilikuwa ya werevu, lakini iliwageuza wawindaji wa mbweha kuwa wabaya, na kuwinda mbweha kwa mbwa kulikuwa kumekwisha kupigwa marufuku Uingereza kwa sheria ya mwaka 2004. Dubu aliyelalamikiwa alikuwa wa Alaska, na juu ya huyo filamu haikusema kitu. Bendi inaweza kufaa kabisa kwa muziki na bado ikawa na deni la maelezo.

Kinubi (mleta mada)

Deni hilo nalikubali, Mkuu, ingawa ni bendi ninayoipenda. Nawashukuru nyote. Kwa kuwa tumepata vigezo, nitawaachia jina moja: Iron Maiden, walioanzishwa London mwaka 1975 na ambao hawajawahi kufunga Pyramid. Fundi, nyimbo zao nyingi ni za mbio, hilo nalijua. Lakini "Fear of the Dark" una sauti ya gitaa ambayo viwanja vizima huiimba bila maneno, na mtu asiyeijua bendi hiyo hata kidogo huishika kwa kuisikia mara moja.

Fundi Mitambo

Huo utafika hadi hema la mwisho.