Naomba ushauri: Nairobi hadi Bhutan, tupitie Delhi au Bangkok?

Hamjambo wadau. Mimi na mke wangu tunapanga kwenda Bhutan mwezi wa kumi, na hapa JKIA hakuna ndege ya moja kwa moja. Ndege za kutoka nje zinatua Paro, na zenye ratiba ya huko ni Drukair na Bhutan Airlines. Uwanja umebanwa na milima, rubani lazima aione njia kwa macho, kwa hiyo usiku hakutuliwi, na hali ya hewa ikichafuka mnasubiri.

Hapo ndipo kichwa kinaniuma. Tiketi ya Paro nitaikata kando na ya Nairobi, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haitungoji. Mizigo nayo, isipounganishwa, itabidi tupite uhamiaji tuichukue na kuikabidhi upya, na pasipoti yetu inataka viza India, Thailand vilevile. Cheti cha homa ya manjano tunacho.

Mke wangu anataka tulale Bangkok tupumue kidogo (na afanye soko, namjua). Mimi naona Delhi ni karibu, na ukikaa upande wa kushoto unaiona Himalaya vizuri.

Mliowahi kupita huko, niache muda gani kati ya ndege hizo mbili? Kuna wakala hapa Nairobi anayeweza kuunganisha safari yote kwenye tiketi moja? Na ile ada ya dola 100 kwa mtu kila usiku ambayo Bhutan inawatoza watalii, ndege ikiahirishwa, usiku uliopotea unarudishiwa pesa?