Mnaoandika fomu za Django zenye orodha iliyoganda, mnatutia hasara

Wakuu, nimeachiwa mfumo wa mapokezi ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, ulioandikwa kwa Django, ile zana ya Python ya kutengeneza mifumo ya wavuti. Aliyeutengeneza alishalipwa, akasepa.

Bosi akisajili mwalo mpya (pale boti za dagaa zinapotoka), kwenye fomu ya karani haumo. Ukimpigia fundi: "futa kache", mara "zima seva uwashe". Kache gani? Nimefungua faili, ndani ya klasi ya fomu (msimbo unaoieleza fomu) kaandika choices=orodha_ya_mialo(), yaani machaguo ya karani yatoke kwenye funksheni hiyo. Mchawi ni hayo mabano ya mwisho! Python inaita funksheni hiyo mara moja tu, faili linapopakiwa, basi, orodha inabaki hiyo hiyo hadi seva izimwe. Yatoe mabano, Django itaiita yenyewe kila fomu inapoundwa. Hilo lipo tangu toleo la 1.8, mwaka 2015. Au weka ModelChoiceField (sehemu ya fomu inayochukua machaguo kwenye kanzidata), uipe queryset, yaani ombi la rekodi unazozitaka, itasoma kanzidata upya kila fomu ikifunguliwa. Ukitaka kila karani aone mialo yake tu, ingia kwenye __init__ (funksheni inayoiandaa fomu), ita super kwanza ili Django iandae fomu yake, ndipo upange self.fields['mwalo'].queryset. Mistari mitatu hiyo jamani.

Halafu kuna hili la kukera zaidi. Gunicorn, programu inayouendesha mfumo kwenye seva, inawasha prosesi kadhaa, yaani nakala kadhaa za mfumo huo huo, zinawashwa upya kwa nyakati tofauti, na kila moja ina orodha yake kichwani. Karani anauona mwalo wa Ukara, anauchagua, anabonyeza hifadhi, anaambiwa chaguo si halali. Anajaribu tena, inakubali. Mkiulizwa mnasema mtandao wa Mwanza mbovu!

Na nikiuweka mfumo kwenye kompyuta mpya, migrate, amri ya Django ya kuunda majedwali ya kanzidata, inagoma: jedwali la mialo halipo. Litakuwepo vipi, wakati fomu inalisoma kabla halijaundwa?

Sasa njooni alfajiri muone. Boti imefunga, makuli wana magunia kichwani, wanunuzi wanapiga kelele, mwalo haumo kwenye orodha. Karani atafanyaje? Anachagua wowote uliopo, watu wapite. Mwisho wa mwezi mzigo wa Ukara unasomeka wa Kayenze, na nauli ya boti kutoka Ukara na ya kutoka Kayenze ni mbingu na ardhi. Anayekatwa mshahara ni yule binti karani, siyo fundi.

Juzi fundi kaniambia dawa ni seva ijizime na kujiwasha kila usiku. Mnaomuunga mkono jitokezeni hapa, mseme na mwalo uliosajiliwa saa mbili asubuhi nao usubiri usiku?