Mjadala: Vyuo vya ufundi Uganda vinunue kompyuta kwanza, au mashine?

Mwanzisha mada, Kampala
Ndugu zangu, chuo cha ufundi kikipata fungu la serikali, kianze na kompyuta za kuiga ukataji wa bamba, au mashine za kujifunzia? Mimi nasema kompyuta. Panchi, yaani chuma cha juu kinachotoboa, ikishuka juu ya bamba lililolazwa kwenye dai, yaani kalibu ya chini yenye tundu, bamba halikatiki mara moja. Kwanza bamba hupinda, kisha panchi huzama na kuacha ukanda unaong'aa, ndipo nyufa huanzia kwenye ncha za panchi na dai. Nyufa zikikutana, ukingo hutoka safi. Zikipishana, unapata miiba, yaani ncha kali ukingoni. Siri kubwa ni nafasi kati ya panchi na dai, mara nyingi kama asilimia 5 hadi 10 ya unene wa bamba kila upande. Dai iliyochongwa vibaya ni pesa imetupwa. Kwenye kompyuta unabadilisha namba tu, unajaribu upya.

Fundi, Katwe
Nafasi hiyo naijua kwa mlio na kwa kupapasa ukingo. Tundu la milimita 50 kwenye bamba la milimita 2: mzingo 157, mara 2, mara niutoni 320 kwa milimita ya mraba kwa chuma laini. Ni kama tani 10. Hesabu hiyo naifanya kwa chaki ukutani. Vijana wanakuja kwangu na vyeti, hawajawahi kunoa panchi hata siku moja. Inaniuma.

Mwalimu wa ufundi, Jinja
Fundi, chaki yako inatoa nguvu ya kukata, haikwambii ukingo utatokaje. Lakini mwanzisha mada naye karuka hatua. Programu hugawa bamba katika vipande vidogo sana, na kila kipande lazima kipewe kanuni ya kusema kinapasuka lini. Kanuni zipo: ya Cockcroft na Latham ni ya mwaka 1968, ya Johnson na Cook ya 1985. Zote zinadai namba za chuma chenyewe, na namba hizo hupatikana kwa kuvuta sampuli hadi ikatike. Bamba la geji 16 (kipimo cha unene) la duka hili na la duka lile huenda si chuma kimoja! Ukijaza namba za kitabu cha ng'ambo, picha itapendeza na kazi itaharibika. Hata ukubwa wa vile vipande hubadilisha jibu. Programu si kikwazo, maana OpenRadioss, moja ya programu za kuiga kazi hii, imekuwa wazi kwa wote tangu 2022. Tuanze na mashine ya kuvuta sampuli. Bila hiyo, kompyuta inabahatisha.

Mwanzisha mada
Mwalimu, hapo umenishinda. Mashine ya kuvuta itangulie, kompyuta zifuate.

Fundi, Katwe
Sawa, Mwalimu. Mashine hiyo ikifika chuoni, mimi nisiye mwanafunzi nitaruhusiwa kuleta kipande changu kipimwe? Na kwa bei gani?