Naomba ushauri: mwanafunzi anakwepa kipindi cha michezo

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nafundisha michezo darasa la sita, shule ya msingi. Nina mvulana wa miaka 12 aliyerefuka ghafla mwaka huu. Alikuwa winga mzuri; sasa anajikwaa, mpira unampita, wenzake wanamcheka. Manahodha walipokuwa wakichagua timu, alibaki wa mwisho, kichwa chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Siku hizi kipindi kikifika tumbo linamuuma.

Najua umri huu miguu na mikono hutangulia kurefuka kuliko kiwiliwili, na mwili huchukua muda kuzoea vipimo vipya. Hilo hupita. Kinachoniumiza ni moyo wake. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliutaja umri wa shule ya msingi kuwa wakati mtoto anapojenga imani kwamba anaweza, au anaanza kujiona duni. Huyu namwona anaelekea kwenye unyonge.

Uchaguzi wa manahodha nimeufuta, timu nagawa mwenyewe. Lakini darasa lina watoto zaidi ya 70 na mipira miwili, siwezi kushinda naye peke yake. Nimpe mazoezi gani arudishe wepesi bila kumtenga na wenzake? Nimpime kwa maendeleo yake mwenyewe au kwa kiwango cha darasa? Na habari za kubalehe, nizungumze na darasa zima au nianze na mzazi? Aliyewahi kumrudisha mtoto wa hivi uwanjani, tafadhali anieleze alianzia wapi.