MJADALA: Bomu lililomuua Mondlane, ni PIDE peke yao au na mkono wa biashara ya Rovuma?

Mleta mada, Mtwara mjini

Wadau, kila ikikaribia tarehe 3 Februari maneno haya yanarudi vijiweni, leo tuyamalize. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam siku hiyo mwaka 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Alichukua barua zake ofisini, akaenda nazo Oyster Bay nyumbani kwa Betty King, na huko ndiko kifurushi kilikomlipukia. Jibu tulilokariri ni PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Nakubali walitengeneza wao. Nachodai ni kwamba mlango walifunguliwa, na ufunguo ulitoka kwenye ugomvi wa biashara wa huku kwetu.

Lázaro Nkavandame alikuwa mwenyekiti wa Frelimo wa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto Rovuma, na pia alisimamia biashara ya chama. Korosho, ufuta na karanga za wakulima zinavuka Rovuma kuja huku, vitambaa, sabuni, chumvi na majembe vinarudi kule. Anayepanga bei ng'ambo zote mbili ameshika tumbo la vita. Lawama zikaanza kwamba faida inaishia kwa watu wake. Agosti 1968 akakutana na Mondlane hapa hapa Mtwara, wakaachana vibaya. Desemba 22 Paulo Samuel Kankhomba, kamanda wa Frelimo, akauawa alipovuka mto, na kidole kikaelekezwa kwa vijana wa Nkavandame. Januari Nkavandame akasimamishwa. Februari, bomu. Haikupita miezi mitatu akawa mikononi mwa Wareno. Mnataka nini tena?

Wa Mikindani

Mkuu, tarehe umezipanga vizuri, ila tarehe hazibebi kifurushi. Kumuua mtu ukingoni mwa mto kunahitaji vijana wachache na usiku mmoja. Bomu la kitabu linahitaji fundi, karakana, na mtu anayejua kifurushi kitafunguliwa na nani. Polisi wa Tanzania, wakisaidiwa na Interpol, walifuatilia betri za bomu lile zikawafikisha kwa muuzaji wa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo. Hicho ndicho kitu cha kushika kwa mkono tulichonacho. Ofisa mmoja wa zamani wa PIDE naye alikuja kumtaja mwenzake, Casimiro Monteiro, kuwa ndiye mwenye kazi ile.

Sasa hesabu mikono: aliyetengeneza, aliyesafirisha, aliyeingiza Dar, aliyeweka kwenye rundo la barua za Mondlane. Betri inakupa mkono wa kwanza tu. Nionyeshe ni mkono upi kati ya hiyo mitatu iliyobaki ni wa Nkavandame. Kuwa na sababu ya kuchukia hakutoshi. Mwaka ule waliomchukia Mondlane wangejaza lori.

Wa Nachingwea

Mkono wa nne mbona ulishatajwa! Silvério Nungu, aliyesimamia ofisi ya Dar, alishukiwa. Na Uria Simango, makamu wa rais, alikiri mwenyewe hapa Nachingwea Mei 1975, kambini, mbele ya wapiganaji na waandishi wa habari.

Wa Mikindani

Ndugu yangu, ungamo lile ndilo hafifu kuliko vyote. Mtu ameshikiliwa na mahasimu wake, hana wakili, anapewa karatasi kama ishirini azisome kambini, huku anayeendesha shughuli ni Samora Machel, aliyekuwa akigombea naye uongozi tangu 1969. Maneno ya namna hiyo yanakueleza mshindi alitaka kisikike nini. Baadaye yeye na Nkavandame wote wawili wakauawa bila mahakama ya wazi, na maswali ya kuwauliza yakaenda nao. Simtetei Nkavandame, kujisalimisha kwa Wareno ni doa lisilofutika. Ila kukimbia baada ya mauaji kuna tafsiri mbili: aliyeua hukimbia, na anayejua atasingiziwa hukimbia pia.

Wa Kilambo

Wamarekani walishapita njia hii. Baada ya Kennedy kupigwa risasi Dallas mwaka 1963, mafia walikuwa na kila sababu: Robert, mdogo wake rais, alikuwa Mwanasheria Mkuu na anawaandama. Tena CIA kweli iliwatumia Johnny Roselli na Sam Giancana kuanzia 1960 wa mafia hao, kutaka kumuua Castro wa Kuba. Hilo lilithibitishwa na kamati ya Seneti. Giancana akauawa nyumbani kwake 1975, kabla ya kuhojiwa. Roselli akakutwa 1976 ndani ya pipa majini, Miami. Ukiweka hayo pamoja, nani asiyeshawishika?

Kamati ya Bunge ikasema 1979 kwamba huenda ilikuwa njama, ikiegemea sana mkanda wa redio ya polisi uliodaiwa kunasa risasi ya nne, yaani kulikuwa na mpigaji wa pili. Mwaka 1982 wanasayansi wakausikiliza upya: sauti zile zilirekodiwa kama dakika moja baada ya rais kupigwa. Egemeo likaanguka, sababu za mafia zikabaki palepale. Zilikuwepo kabla ya mkanda, na hazikuwa ushahidi hata siku ile.

Wa Newala

Mnaongea kana kwamba mauaji ya wakubwa hayathibitiki kamwe. Vukeni mto muone kesi ya Carlos Cardoso, mwandishi wa habari aliyeuawa Maputo 22 Novemba 2000 (tarehe ya Kennedy, na wapenda njama msianze). Alikuwa anafuatilia wizi wa takriban dola milioni 14 katika benki ya BCM. Gari lake likazuiwa barabarani, akapigwa kwa AK-47, dereva akajeruhiwa.

Tazameni kesi ilivyojengwa: gari la wauaji, Citi Golf jekundu, kisha waliokuwemo, kisha Anibalzinho aliyekodi kikosi, kisha waliolipa, ndugu wawili wa ukoo wa Satar (mmoja wao akiitwa Nini) na Vicente Ramaya, meneja wa zamani wa tawi lililoibiwa. Januari 2003 sita wakahukumiwa. Ngazi ilipofika juu zaidi ndipo ilipokatika. Nini Satar alidai mahakamani kwamba fedha alizitoa kwa niaba ya Nyimpine Chissano, mtoto wa rais, akaonyesha hundi. Nyimpine alikana, akafa 2007 bila kuhukumiwa. Anibalzinho naye alitoroka gerezani mara mbili, ya pili akafika Kanada. Gereza lenye ulinzi mkali halimwachii mtu mara mbili kwa bahati mbaya, hapo siwacheki wanaohisi mkono mkubwa.

Mleta mada, Mtwara mjini

Newala umenisaidia na umenivunja. Kwa Cardoso mna gari, mna hundi. Mimi nina korosho na hasira. Basi napunguza dai: Nkavandame siwezi kumfikisha kwenye meza ya barua. Ila mtu wa ndani lazima alikuwepo.

Wa Mikindani

"Lazima" hiyo ndiyo ninayoikataa. Anwani ya Frelimo Dar haikuwa siri, barua zilitumwa pale kutoka dunia nzima. Kama kifurushi kilikuja kwa posta ya kweli, hakuhitajika mtu wa ndani hata mmoja. Kama stempu zilibandikwa tu na kifurushi kikawekwa mezani, basi alihitajika. Tofauti iko kwenye mihuri ya posta ya karatasi ile na daftari la kupokelea barua la ofisi. Atakayevileta hivyo viwili, nitakaa kimya nimsikilize.

Wa Nachingwea

Na asipovileta mtu?

Wa Mikindani

Tutabaki na betri.