Mnatukatia kimyakimya halafu mnasema "punguza kasi"?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Kikomo chenyewe cha maombi ambayo programu inaruhusiwa kutuma kwa seva, sina ugomvi nacho. Seva ni ya wengi, lazima kila mtu awe na kipimo chake. Ninachogombana nacho ni huyu mwenye API (mlango ambao programu yangu inapitia kuomba taarifa kwenye seva yake) tunayemlipa kila mwezi, anakukatia halafu hakwambii kwamba amekukatia.

Msimbo wa 429, namba ambayo seva hurudisha na jibu, upo tangu 2012 kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 6585, kazi yake ni hiyo tu: umezidisha maombi. Unaruhusiwa kuja na heda (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) ya Retry-After inayotaja usubiri kwa muda gani. Hawa jamaa wanarudisha nini? 200! Eti mambo safi. Ukifungua JSON, yaani taarifa zenyewe ndani ya jibu, ndiyo unakuta "status": "busy". Programu yangu ikaona 200, ikahifadhi huo upuuzi kama taarifa za mteja. Ripoti ikatoka na safu tupu, na aliyepigiwa simu ni mimi, si wao.

Nikawaandikia. Jibu: "Tafadhali punguza kasi." Hadi ngapi? Nyaraka zao zinasema maombi 100 kwa dakika. Dakika ipi sasa? Ya saa ya ukutani, au sekunde 60 zilizopita? Kama ni ya saa, natuma 100 dakika ikielekea kuisha na 100 nyingine ikianza mpya, sijavunja kitu. Kama ni ile nyingine, nimeshakatwa.

X-RateLimit-Reset yao, heda ya kusema kikomo kinaanza upya lini, ndiyo kichekesho kabisa. Njia moja inaleta 30, yaani sekunde zilizobaki. Njia nyingine ya API hiyohiyo inaleta namba ya tarakimu kumi, sekunde tangu 1970. Ukiichukua hiyo kama muda wa kusubiri, programu inalala zaidi ya miaka 50.

Na msiniambie nisubiri kwa kuongeza muda mara mbili kila nikikataliwa. Nafanya hivyo, tena nachanganya na sekunde za kubahatisha ili michakato yangu isirudi mlangoni yote kwa mpigo. Lakini nitajuaje nimekataliwa wakati naambiwa 200?

Kwa sasa nasoma kilichomo ndani ya jibu kwanza, na nimejifunga mwenyewe kwa maombi 80. Nalipia 100, natumia 80!

Kuna mdau anayejua wanahesabu kwa ufunguo (msimbo wa siri wa kila mtumiaji) au kwa anwani ya IP (namba ya mtandao maombi yanakotoka)? Maana mwenzangu wa ofisini akiwasha yake, kwa ufunguo wake, ninayekatwa ni mimi.